Ubingwa wa Frölunda haujatibu kidonda cha Damkronorna

Klabu ya Frölunda ya Göteborg ilipotwaa ubingwa wa Sweden wa hoki ya barafuni kwa wanawake mwaka 2025, katika msimu wake wa kwanza kwenye ligi kuu ya SDHL, wachambuzi wengi walilipokea jambo hilo kama uthibitisho kwamba matatizo ya mchezo huo nchini humo yamekwisha. Timu iliundwa mwaka 2022, ikapanda daraja mwaka 2024, na mwaka mmoja baadaye ikanyanyua kombe. Wanasema kwamba vilabu vikubwa vya wanaume, ambavyo kwa muda mrefu viliwatazama wanawake kwa mbali, sasa vimefungua milango pamoja na mifuko yao, na kwamba timu ya taifa, Damkronorna, itainuka kwa nguvu hiyohiyo. Nadhani tukio hilo limesomwa kinyume. Historia ya Damkronorna inaonyesha kwamba ligi inaweza kunenepa huku timu ya taifa ikikonda, na kwamba wakubwa wa hoki ya Sweden walipoyachanganya mambo hayo mawili, gharama yake ilimwangukia msichana wa miaka 19 au 20 aliyekuwa akisubiri zamu yake benchi.

Tuanze mbali kidogo. Mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia kwa wanawake chini ya Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafuni, IIHF, yalichezwa Ottawa, Kanada, mwaka 1990. Sweden ilimaliza ya nne, nyuma ya Kanada, Marekani na Finland, na kwa miaka mingi iliyofuata mpangilio huo ulionekana kama sheria ya maumbile: Wakanada na Wamarekani wagombee dhahabu, Wafini wachukue shaba, Waswidi wapige makofi. Barani Ulaya nako Finland ilitwaa ubingwa mara nne kabla Sweden haijaupata mwaka 1996, katika mashindano ambayo yalikuwa ya mwisho ya aina yake. Hoki ya wanawake ilipoingia katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Nagano mwaka 1998, timu zilikuwa sita tu na Sweden ikawa ya tano, nyuma hata ya China. Ndani ya nchi, mchezo ulibebwa na vilabu ambavyo shabiki wa hoki ya wanaume asingevitaja: Nacka, kutoka viunga vya Stockholm, ndiyo iliyotawala miaka ya mwanzo. AIK, ambayo angalau ina jina, ilijenga timu ya wanawake yenye nguvu kiasi cha kutwaa kombe la vilabu vya Ulaya mara nne za kwanza tangu lilipoanzishwa msimu wa 2004-05. Haya yote yalifanyika zamani kabla klabu yoyote tajiri haijagundua kwamba wanawake nao wanateleza.

Mwaka 2001 Damkronorna ilishika nafasi ya saba kati ya timu nane katika ubingwa wa dunia huko Minnesota. Kamati ya Olimpiki ya Sweden, ambayo ina desturi ya kutowapeleka washiriki isiowaona na matumaini ya kufanya vizuri, ilisita kuipa timu hiyo nafasi katika Olimpiki ya Salt Lake City ya mwaka 2002. Mwishowe ilikwenda. Tarehe 20 Februari timu ya wanaume, iliyojaa nyota wa NHL, ligi ya kulipwa ya wanaume ya Amerika Kaskazini, ilifungwa 4-3 na Belarus katika robo fainali, aibu ambayo Waswidi hawajaisahau mpaka leo. Kesho yake wanawake waliokaribia kuachwa nyumbani waliifunga Finland 2-1 na kuchukua shaba, langoni akiwa Kim Martin, msichana wa miaka 15. Hapo pana la kujifunza kuhusu kupima timu kwa matokeo ya mashindano yaliyopita, na sidhani kwamba lilieleweka.

Kisha ikaja Olimpiki ya Turin, na hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu kila mjadala kuhusu hoki ya wanawake ya Sweden hatimaye hurudi kwenye mechi ya tarehe 17 Februari 2006. Hadi siku hiyo, kila fainali ya Olimpiki na ya ubingwa wa dunia ilikuwa imewakutanisha Kanada na Marekani. Katika hatua ya makundi Kanada ilikuwa imeichapa Sweden 8-1, na Marekani, mpinzani wa nusu fainali, haikuwahi kufungwa na Waswidi. Wamarekani wakatangulia 2-0. Katika kipindi cha pili Maria Rooth akafunga mabao mawili na kusawazisha, na kuanzia hapo mchezo ukawa wa Kim Martin, sasa akiwa na miaka 19, ambaye hadi mwisho alikuwa ameokoa mashuti 37. Muda wa ziada ukapita bila bao. Kwenye mikwaju ya penalti Pernilla Winberg, aliyekuwa bado na miaka 16, aliteleza peke yake kumkabili kipa Chanda Gunn na akafunga. Rooth akafuata na kumaliza kazi. Sweden 3, Marekani 2. Siku tatu baadaye Kanada ilishinda fainali 4-1, lakini medali ya fedha ilikuwa imepatikana na ukuta wa Amerika Kaskazini ulikuwa umetobolewa. Kwamba wiki hiyohiyo timu ya wanaume ya Sweden ilitwaa dhahabu kwa kuifunga Finland 3-2, na hivyo kumeza karibu nafasi yote magazetini, ni bahati mbaya ya kalenda.

Swali ambalo halikuulizwa kwa uzito baada ya sherehe ni hili: timu ile ilitoka wapi? Sehemu kubwa ya jibu haiko Sweden. Rooth na mwenzake Erika Holst walikuwa wamekomaa katika Chuo Kikuu cha Minnesota Duluth, ambako mwaka 2001 walikuwa kwenye kikosi kilichotwaa ubingwa wa kwanza wa vyuo vikuu vya Marekani kwa wanawake chini ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, na walibaki huko kwa mataji mengine. Chuoni walipata kitu ambacho nyumbani hakikuwapo kwa mwanamke wa miaka 20: saa za barafu mchana, makocha wa kutwa nzima, mazoezi ya nguvu, matabibu, na mechi ngumu kila mwisho wa juma, huku masomo yakilipiwa. Msomaji asiye na mazoea na mchezo huu azingatie kwamba uwanja wa barafu ni jengo ghali lenye mitambo inayokula umeme, na kwamba saa zake hugawanywa kama maji ya bomba mtaa wa watu wengi: wenye nguvu huchota kwanza. Kwa timu nyingi za wanawake zamu ilikuwa usiku, baada ya vijana wa kiume na baada ya wachezaji wenyewe kutoka kazini. Kwa maneno mengine, medali ya Turin ilifinyangwa kwa kiasi kikubwa kwa bajeti ya Wamarekani, lakini Sweden iliipokea kama ushahidi kwamba mfumo wake unafanya kazi.

Haitakuwa haki kusema kwamba hakuna kilichofanyika. Ligi ya taifa moja, Riksserien, ilianza msimu wa 2007-08, na mwaka 2016 ikabadilishwa jina kuwa SDHL. Mwaka 2015 timu ya wanawake ya Munksund-Skuthamn, klabu ndogo ya Piteå kaskazini ya mbali, iliunganishwa na Luleå HF, na msimu wa kwanza wa muungano huo ukaisha kwa ubingwa wa 2016. Wanaoshangazwa leo na kasi ya Frölunda wamesahau kwamba waliwahi kuiona sinema hiyo. Luleå ikaendelea kuchukua mataji ya 2018 na 2019, na baadaye manne mfululizo kuanzia 2021 hadi 2024. Ikawa timu ya kuogopwa Ulaya nzima, na SDHL ikaanza kuitwa ligi bora ya wanawake barani. Sifa hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini tazama nani waliokuwa uti wa mgongo wa Luleå: Jenni Hiirikoski, nahodha wa Finland, Michelle Karvinen, mshambuliaji wa Finland, Noora Tulus, wa Finland pia. Kwingineko, Linköping ilimsajili Florence Schelling, kipa wa Uswisi aliyekuwa langoni kwenye Olimpiki ya Sochi mwaka 2014 wakati Sweden, ikiongoza 2-0 kwenye mechi ya kuwania shaba, ilipofungwa mabao manne katika kipindi cha mwisho na kulala 4-3.

Aprili 2019, mambo hayo yalikutana uso kwa uso huko Espoo, Finland, kwenye ubingwa wa dunia. Finland ilifika fainali kwa mara ya kwanza katika historia yake na kuisukuma Marekani hadi mikwaju ya penalti. Hiirikoski, aliyetoka kutwaa ubingwa wa Sweden na Luleå, akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Katika mashindano hayohayo Sweden ilifungwa 3-2 na Japan, ikamaliza ya tisa na kushuka daraja kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1990. Ligi bora ya Ulaya ilikuwa imewaandaa wachezaji kwa ajili ya fainali ya dunia, ila walivaa jezi ya jirani. Sijui ushahidi gani mwingine unahitajika ili kukubali kwamba ubora wa ligi si kipimo cha afya ya timu ya taifa.

Wapo watakaosema kwamba Sweden ilikosa vipaji tu katika kizazi hicho. Hoja hii haisimami. Januari 2018, wasichana wa Sweden wenye umri wa chini ya miaka 18 walifika fainali ya ubingwa wa dunia huko Dmitrov, Urusi, na kuwa timu ya kwanza nje ya Kanada na Marekani kufanya hivyo katika umri huo. Walifungwa 9-3 na Marekani, lakini walikuwa wamefika. Mwezi uliofuata timu ya wakubwa ilimaliza ya saba kwenye Olimpiki ya Pyeongchang, baada ya kutolewa na Finland 7-2 katika robo fainali. Wasichana wa Sweden walirudia fainali ya dunia mwaka 2023, wakiwa wenyeji huko Östersund. Kwa hiyo mbegu ipo na inaota. Inakaukia katikati, kati ya umri wa miaka 18 na 25, wakati mchezaji anapotakiwa kuchagua kati ya kwenda chuo cha Marekani, kubaki nyumbani akifanya kazi mchana na mazoezi usiku, au kuacha mchezo. Klabu inayotaka kombe mwaka huu itamsajili Mfini mwenye uzoefu wa miaka kumi kabla ya kumpa dakika 15 kwa mechi msichana aliyetoka kwenye timu ya vijana, na kwa mantiki ya klabu huo ni uamuzi sahihi kabisa. Ni kweli pia kwamba kufanya mazoezi kila siku na mtu kama Hiirikoski ni shule ambayo hailipiwi ada. Ila shule hiyo humfaa yule anayepangwa kucheza.

Ndipo tunafika kwenye mgomo. Agosti 2019 wachezaji wote 43 walioitwa kambini walikataa kwenda, na mashindano ya mataifa matano yaliyopangwa kufanyika Finland yakavunjika. Madai yao yalihusu malipo ya siku za kuitumikia timu ya taifa, lakini si hayo tu. Walilalamikia ratiba za safari zilizopangwa kwa kubana gharama, mavazi ya vipimo vya wanaume, na bidhaa za lishe walizopewa zikiwa zimepita muda wa matumizi. Nje ya Sweden habari hii ilifupishwa kuwa ya wanawake wanaodai mshahara sawa na wanaume, ufupisho uliopotosha sana. Hakuna aliyedai alipwe kama nyota wa NHL. Walichodai ni kwamba mwanamke anayeomba ruhusa bila malipo kazini ili akaliwakilishe taifa asirudi nyumbani akiwa na deni.

Upande wa shirikisho la hoki la Sweden ulikuwa na hoja zake, na baadhi zina uzito. Pesa za hoki ya Sweden zinatoka kwa kiasi kikubwa kwenye mchezo wa wanaume, na shirikisho si mwajiri wa wachezaji. Mishahara ni kazi ya vilabu. Aidha, dunia haikusimama kuisubiri Sweden: Japan, Uswisi na Czechia ziliwekeza, na Czechia ilikuja kutwaa shaba ya dunia mwaka 2022 na 2023. Nafasi ya tisa ya Espoo haiwezi kuelezwa kwa makosa ya shirikisho peke yake. Hoja ya pesa za wanaume, hata hivyo, ina kasoro ambayo haisemwi. Mwanaume wa timu ya taifa ya Sweden hategemei posho ya shirikisho kwa sababu klabu yake tayari inamlipa pesa za kutosha kuishi. Kwake, siku kumi na timu ya taifa ni heshima isiyomgusa mfukoni. Kwa mwanamke wa mwaka 2019, siku kumi hizohizo zilikuwa sehemu ya mshahara wa mwezi inayokatwa kazini kwingine. Kanuni inayofanana kwa wote wawili kwenye karatasi inawafikia wakiwa katika hali mbili tofauti kabisa.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo iliyopendwa zaidi na waliokuwa wakitoa maoni kutoka pembeni, ilikuwa kwamba timu iliyoshuka daraja haina haki ya kudai chochote: washinde kwanza, kisha waje mezani. Ajuaye historia ya timu hii hawezi kuisema bila kuona haya. Walishinda mwaka 2002 baada ya kukaribia kunyimwa tiketi. Walishinda tena 2006, wakafanya kilichodhaniwa hakiwezekani. Miaka 13 baadaye walikuwa bado wanadai nguo zinazowatosha. Kama ushindi ungekuwa sarafu inayokubalika dukani, Turin ingekuwa imelipia yote hayo. Na wakati wa kudai ulikuwa sahihi kwa sababu nyingine pia: miaka miwili kabla, wachezaji wa Marekani walitishia kususia ubingwa wa dunia wa 2017 katika ardhi yao wenyewe, na wakapata mkataba. Wachezaji wa Sweden hawakuwa wakibuni njia mpya.

Makubaliano na shirikisho yalifikiwa baadaye mwaka huohuo wa 2019, na kilichofuata kinastahili kutazamwa kwa tarakimu. Kwenye Olimpiki ya Beijing, Februari 2022, Kanada iliifunga Sweden 11-0 katika robo fainali. Kwenye ubingwa wa dunia wa Brampton, Aprili 2023, timu hizohizo zilikutana tena katika robo fainali, mbele ya mashabiki wa Kanada, na Sweden ikasawazisha mabao mawili mwishoni kabla ya kufungwa 3-2 katika muda wa ziada. Mechi moja ni mechi moja, na makipa huwa na siku zao. Lakini kikosi cha Brampton kilikuwa na vijana wengi waliopewa dakika halisi, na katikati ya mechi hizo mbili SDHL ilikuwa imeruhusu kukumbana kwa mwili kuanzia msimu wa 2022-23, hatua ambayo iliwafanya wachezaji wazoee mchezo mgumu na uamuzi wa haraka. Mambo yote mawili yalikuwa maamuzi kuhusu namna mchezaji anavyokuzwa. Hakuna lililomhitaji tajiri mpya.

Hii inaturudisha kwa Frölunda. Kuingia kwake ni jambo jema, na sina kinyongo na kombe lake. Klabu yenye hadhi hiyo ikiwapa wasichana chumba chao cha kubadilishia nguo na saa za barafu kabla jua halijatua, inawapa kile ambacho kizazi cha Rooth kilikifuata ng'ambo ya bahari. Tatizo ni kutafsiri kombe lenyewe kama dawa, kwa sababu kombe la haraka, kama Luleå ilivyoonyesha mwaka 2016, mara nyingi ni kazi ya usajili. Na safari hii mazingira yamebadilika. Ligi mpya ya Amerika Kaskazini, PWHL, iliyoanza Januari 2024 ikiwa na timu sita na kuongeza Seattle na Vancouver kwa msimu wa 2025-26, inanunua wachezaji walewale ambao zamani walikuwa wakiishia Luleå au Linköping. Inawachukua pia Waswidi wenyewe: Lina Ljungblom yuko Montréal, Maja Nylén Persson alikwenda New York.

Wengi wanauona uhamaji huo kama hasara kwa Sweden. Mimi nauona kama fursa yenye masharti. Kwa upande mmoja unarudisha hali ya Duluth katika sura mpya: walio bora wanakomaa kwa gharama ya wengine na kuileta faida kwenye timu ya taifa. Kwa upande mwingine unaacha nafasi wazi katika kila kikosi cha SDHL, na nafasi hizo zitajazwa kwa namna moja kati ya mbili, ama na wageni wa daraja la pili kutoka Ulaya, ama na wasichana wa fainali ya Östersund, ambao wengi wao sasa wamefikia umri uleule ambao Sweden imekuwa ikiwapotezea wachezaji wake. Shirikisho lina uwezo wa kuielekeza mizani hiyo, kwa mfano kwa kuzifungamanisha ruzuku za vilabu na dakika wanazocheza wachezaji wa nyumbani walio chini ya miaka 22, au kwa kuwalipa fidia ya kazi wachezaji wa umri huo wasio na mikataba inayotosha kuishi. Vilabu vitalalamika, na Frölunda, kama bingwa, italalamika kwa sauti kubwa kuliko wengine. Dakika hizo zinahesabika, kwa hiyo yeyote anayetaka kujua kama ubingwa wa 2025 umeisaidia Damkronorna anaweza kuanza kuzijumlisha leo.